Baba Alipovutwa na Upepo

Baba alikuwa na neno moja lililonichosha mwaka ule: "Sibebwi." Ukimwambia ngoja niite vijana wawili wakushike twende hospitali, sibebwi. Mvua inanyesha, choo kiko mwisho wa ua, sibebwi. Alivaa kandambili mikononi akajiburuta kwa viganja mpaka chooni na kurudi, na ole wake mtu atakayemtazama. Mimi nilikuwa nageuza uso ukutani. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, maana suruali zile alizoburuta kwenye tope ni mimi niliyezifua.

Wakati huo, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa fundi cherehani pale Nyasubi, Kahama. Cherehani yangu ya kukanyaga ilikaa barazani kwa mama mmoja wa Kihindi, mjane, aliyeuza vitambaa, sufuria, miavuli na kila kitu kisichooza. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha uani alichonipangisha. Baba aliletwa pale kutoka machimbo ya upande wa Bulyanhulu, amelazwa juu ya magunia matupu nyuma ya pikapu. Ukuta wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, ulikuwa umeporomoka ukambana kiunoni. Hospitali walifanya walichoweza, lakini mifupa ya nyonga iliunga vibaya. Akiwa ameketi, miguu yake ilikuwa hai kabisa. Aliweza kusukuma mlango kwa kisigino ukagonga ukuta, na alifanya hivyo kila alipokasirika. Akijaribu kusimama, kiuno kilikataa.

Wala hakuwa mchimbaji. Alikuwa mkulima wa pamba wa Kishapu aliyekwenda machimboni msimu mmoja tu, akitafuta mabati ya nyumba. Kitu alichokipenda duniani ni ngoma. Alikuwa manju, mtunga nyimbo na kiongozi wa kundi lake, kama babu alivyokuwa kabla yake.

Kwetu Usukumani pamba ikishauzwa, makundi mawili ya ngoma hukutana uwanja mmoja, mchana mmoja, kila kundi upande wake. Hakuna anayepiga kwa zamu. Wote wanapiga kwa pamoja, na watazamaji wanahama huku na huko wakifuata palipo na utamu. Jua likizama, kundi lililobaki na watu wengi ndilo lililoshinda. Ndiyo maana kila manju anakesha akibuni kioja kipya cha kuvuta watu, na kioja cha mwaka jana mwaka huu hakimvuti hata mbuzi. Kundi letu lilikuwa na sharti lake pia, la tangu enzi za babu: manju anaingia uwanjani wa kwanza, peke yake, bila kushikwa mkono na mtu. Asiyeweza kuingia hivyo si manju tena.

Mwezi wa tatu mpiga ngoma mkuu wa kundi alikuja Kahama kumjulia hali. Alikuwa rafiki wa baba tangu utotoni, mtu mkubwa wa mwili na mpole wa maneno. Alikuja na ngoma ya babu begani, ile kubwa ya ngozi ya ng'ombe, akaiweka pembeni ya kitanda ikae na mwenyewe.

"Mwangaluka, manju."

"Mwangaluka," baba akaitikia, macho yake yakiwa kwenye ngoma.

Walizungumza mvua, wakazungumza ng'ombe, wakazungumza bei ya pamba, na mimi nikajua kuna jambo kwa sababu Msukuma akimaliza habari za ng'ombe bila kucheka, kuna jambo. Mwisho akalisema. Kundi lingemsubiri mpaka ngoma za mwaka ule, mwezi wa saba. Asipoingia uwanjani kwa sharti, nyimbo wangempa mtu mwingine.

"Ni haki yenu," baba akasema. Mgeni alipoondoka aliusukuma mlango kwa kisigino mpaka komeo likang'oka.

Mzungu aliingia maishani mwetu kwa sababu ya mshono. Alikuwa mtu wa utafiti wa madini, kijana mrefu mwenye pua iliyobabuka jua, aliyekaa kambini huko walikokuwa wakitoboa ardhi kutafuta dhahabu. Siku moja alisimamisha gari mbele ya baraza, akanitupia mezani mfuko, na ndani yake kulikuwa na kitambaa chekundu chepesi mno kisicho na mwisho. Ukivuta kinatoka, ukivuta kinatoka. Kilikuwa cha tabaka mbili, juu na chini, na katikati kimegawanywa mifuko mirefu iliyo wazi upande mmoja, kama soksi kumi na mbili zilizoshonwa bega kwa bega. Mfuko mmoja ulikuwa umechanika urefu wa mkono.

"Hema?" nikamuuliza.

Kabla hajajibu, mama wa dukani alikuwa ameshatoka kwenye kaunta yake, na si kawaida yake kutoka. Alizishika zile nyuzi nyembamba zilizoning'inia chini ya kitambaa, akazikusanya kidoleni, akapima uzito kwa kuziinua na kuzishusha.

"Hii si hema, binti. Hii tiara."

Akaniambia kwamba kwao katikati ya Januari kuna sikukuu ya kurusha tiara, na marehemu mumewe alikuwa akipanda juu ya paa la duka lile lile na watoto, tiara za karatasi, tangu asubuhi mpaka shingo zinauma. Watoto walishahamia mbali. Tangu mume afariki hakuna aliyepanda tena. Kisha akarudi kwenye kaunta akawa mkali kwa mteja ambaye hakuwa na kosa lolote.

Mimi nina tabia moja: siwezi kushona kitu nisichojua kinafanya nini. Nikamwambia mzungu nitashona, lakini Jumapili anipeleke nikaione inaruka. Akacheka, akasema sawa, kwa Kiswahili chake cha kambini. "Wewe kuja, baba kuja, wote kuja."

Kumtoa baba ndani ilikuwa vita. Nilimwambia nitabaki nyumbani nimwangalie, na nilisema kwa sauti ya kujionea huruma hasa, nikijua asivyoipenda. Alijiburuta mpaka kwenye gari, akajipandisha mwenyewe kwa mikono akianzia kwenye bampa, jasho likimtiririka, huku mzungu amesimama pembeni na mikono yake mirefu hajui aiweke wapi.

Tulikwenda kwenye uwanda mpana nje ya kambi, ardhi ngumu, majani yameliwa na ng'ombe mpaka shina. Mzungu alishusha kigari cha chuma chenye matairi matatu, moja mbele na mawili nyuma, na kiti cha turubai kilichokaribia kugusa ardhi. Hakina injini wala usukani. Akaitandaza tiara chini, akarudi na nyuzi mbili ndefu mpaka kwenye kigari, akaketi, akavuta. Ile mifuko ikajaa upepo mmoja baada ya mwingine, kitambaa kikainuka kwa mshindo kama shuka linapokung'utwa, na mzungu akaondoka. Aliondoka kweli. Vumbi likabaki pale alipokuwa. Nilipiga kelele nikashika kichwa. Alikwenda mpaka akawa mdogo, akakata kona, akarudi kwa upande, na mara zote mbili hakukanyaga chini.

Baba hakupiga kelele. Mzungu aliposimama mbele yetu, baba alinyoosha kidole kwenye tairi la mbele, palipokuwa na vyuma viwili vya kuwekea miguu.

"Muulize anapindisha kwa kutumia nini."

"Kwa miguu," mzungu akasema. "Mikono kushika tiara. Miguu kusukuma tu. Kushoto, kulia."

"Akiwa ameketi?"

"Ameketi tu, mzee."

Baba akanitazama, na nikaona usoni pake kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu siku ile ya pikapu na magunia. Nilitaka kulia na nikajikaza. Miguu ya kusukuma anayo. Kuketi anaweza. Upepo si mtu, haumshiki mtu mkono.

Tangu Jumapili ile mzungu alikuja kila wiki. Alikuwa na tiara tatu, ndogo ya upepo mkali, kubwa ya upepo mdogo, na ile nyekundu ya kati, na alimfundisha baba kwa ile nyekundu. Walielewana kwa ishara, matusi madogo na vicheko. Baba alianguka, alikwaruzwa, kigari kilipinduka naye mara mbili, na hakuna siku aliyorudi amenuna. Mzungu alituambia kwamba kwao watu wa mchezo huo hununua tiara mara chache. Wanabadilishana. Mtu akiizoea moja anaitoa, anachukua ya mwenzake, na tiara moja inaweza kupita mikononi mwa watu kumi kabla haijachakaa.

Mwezi wa tano alisema mkataba wake umekwisha, anaondoka. Alisema akiwa chumbani kwetu, anapigapiga ngoma ya babu kwa vidole kama alivyozoea.

"Tubadilishane," baba akasema.

Nilifikiri sikusikia vizuri. "Nini na nini?"

"Hiyo ngoma. Kwa kigari na tiara."

Nilimwacha mzungu na chai yake nikasimama. Nilimwambia baba maneno ambayo binti hapaswi kumwambia baba yake. Nikamwambia ni ngoma ya babu, imezika watu na kuozesha watu, halafu inakwenda kukaa sebuleni kwa mtu akiwekea glasi juu yake. Kundi likijua je? Na kigari kikivunjika je? Utakuwa huna ngoma, huna kigari, huna kundi.

Alinisubiri mpaka nikaishiwa pumzi.

"Ngoma inapigwa na mtu aliyesimama, mwanangu. Mimi naihitaji ya nini?"

Mzungu mwenyewe alisita. Alisema ngoma ni ya thamani kuliko vile vyuma. Baba akamwambia kila mtu anajua thamani ya kitu anachokikosa. Wakapeana mikono. Siku ya kuondoka mzungu aliongeza kofia ngumu ya kukinga kichwa, na baba akaipokea kwa heshima, kisha akaniambia niitumie kuchotea unga. Ngoma ikafungwa ndani ya blanketi, ikaondoka. Sijui iko wapi leo.

Tulisafiri hadi Kishapu kwa lori lililokuwa linakwenda kubeba pamba. Kundi zima lilikusanyika kukagua kile kioja. Walipojua ngoma ya babu imekwenda, wazee wawili waliondoka bila kuaga. Mpiga ngoma mkuu alikaa muda mrefu akizungusha tairi la mbele kwa kidole.

"Kinakwenda?" akauliza.

"Kinakwenda," baba akasema.

"Basi tuone."

Mwezi wa sita kule kwetu upepo huamka saa nne asubuhi na kulala jioni, na mbuga, ile tambarare ya udongo mweusi, huwa tupu, mashina ya pamba yameshang'olewa na kuchomwa. Baba alifanya mazoezi kila siku. Watu waliacha shughuli zao kuja kuona, na kundi likaanza kupata sauti tena. Mimi nilikuwa ndiye mtandazaji wa tiara, nikiishika kwa ncha mbili mpaka baba aseme acha. Usiku mikono iliniuma na nililala nikicheka peke yangu. Nilikuwa na furaha, nisifiche.

Zikabaki siku nne.

Asubuhi hiyo nilitoka kisimani, na kabla sijafika uani nikasikia harufu mbaya, ya plastiki. Nikaweka ndoo chini nikakimbia. Wapigaji walikuwa wameketi kuzunguka moto kama ilivyo desturi yao kabla ya mashindano: ngozi za ngoma zote zinapakwa samli, zinaelekezwa motoni zikaze, ili sauti itoke kavu. Ngoma tano zilikuwa zimepangwa kwenye duara. Ya sita ilikuwa tiara. Walikuwa wameinyoosha juu ya vijiti, karibu kabisa na makaa, imepakwa samli kwa uangalifu mkubwa, na upande wa kushoto wote ulikuwa umejikunja na kuyeyuka kama utando wa maziwa yaliyoungua. Mifuko mitano ilikuwa mashimo matupu.

Baba ndiye aliyekuwa na kibuyu cha samli mkononi.

"Ilikuwa imelegea," akasema. "Nimeipasha."

Angekuwa mtoto ningemchapa. Nilipiga mayowe. Nilimwambia tiara hulegea ikiwa chini, huo ndio uzima wake, inakazwa na upepo si na moto, na kwamba mtu amekaa miezi miwili anaishika kila siku halafu anaipasha kama ngozi ya ng'ombe! Wapigaji waliinamisha vichwa. Walikuwa wamefanya kwa mapenzi, wamefanya kile ambacho baba zao walifanya, na hiyo ndiyo ilinikasirisha zaidi, kwamba hapakuwa na mtu mbaya wa kumlaumu.

Baba alikichukua kile kipande kilichoungua, akakifikicha, kikavunjikavunjika vidoleni mwake. Kisha akamwambia mpiga ngoma mkuu, taratibu, "Waambie wachague mwingine."

Akavaa kandambili zake mikononi akaelekea ndani.

Nilikaa pale nikiwa na hasira kiasi cha kutosha kuwasha moto mwingine. Halafu nikaanza kuhesabu mifuko, kwa sababu fundi akikasirika anahesabu. Mitano imekufa, saba imepona. Nyuzi zote zimepona. Kinachohitajika ni kitambaa chepesi kisichopitisha upepo. Khanga inapitisha. Turubai ni zito. Kiroba kinachanika kwenye mshono. Nikawaza kitu gani watu wa Shinyanga wanacho ambacho hakipitishi hata tone, nikakumbuka rafu ya juu kabisa ya duka la Nyasubi. Nikasimama, nikakunja tiara na samli yake, nikaenda barabarani kutafuta gari.

Nilifika Kahama kesho yake asubuhi, nimeganda vumbi.

"Mama, shikamoo. Nataka miavuli."

"Marahaba. Miavuli? Kiangazi hiki?" mama wa dukani akashangaa. Nilipomtandazia ile tiara barazani na kumweleza habari ya moto na samli, alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Sikujua kama analia au anacheka. Alikuwa anacheka, na baadaye akaniambia mumewe naye aliwahi kuanika tiara kumi juu ya jiko la mkate.

Stoo kulikuwa na gunia la miavuli iliyopata kutu kwenye vyuma, isiyouzika. Mingi ilikuwa myeusi, miwili ina ua kubwa la waridi. Nikamwuliza anataka nini.

"Januari," akasema. "Tiara moja, ya karatasi, nitakufundisha mimi. Na unapanda juu na mimi. Ngazi imenitia woga siku hizi."

Nikakubali. Tulifua samli kwa sabuni ya unga na maji ya moto, mara tatu. Nikabandua miavuli pembetatu kwa pembetatu, na mama akakaa chini barazani, mbele ya wateja, akinikatia kwa mkasi wake wa vitambaa. Kila mfuko ulihitaji vipande vingi, maana mwavuli umekatwa kwa ajili ya kichwa cha mtu mmoja. Nilikanyaga cherehani siku mbili, ya pili mpaka saa kumi na mbili jioni. Alipozishika nyuzi na kuinua, mama alitikisa kichwa.

"Upande wako mzito. Itavuta kushoto."

"Nifanyeje?"

"Mwambie baba yako uzi wa kulia aushike mfupi kidogo. Kiasi cha kiganja. Mume wangu alikuwa anafanya hivyo."

Nilirudi Kishapu siku ya mashindano yenyewe, saa sita mchana. Uwanja ulikuwa umeshaanza kujaa, wauza karanga, wauza miwa, ng'ombe wamefungwa pembeni. Baba alikuwa amekaa chini ya ukuta wa nyumba amevaa nguo za kila siku. Nilimwekea tiara magotini, upande mmoja mwekundu, upande mmoja mweusi wenye maua mawili ya waridi. Aliigeuza, akaupitisha mkono kwenye mishono yangu, mshono baada ya mshono, kama mtu anayesoma barua.

"Uzi wa kulia ushike mfupi kiasi cha kiganja," nikasema. Nilikuwa bado nimenuna.

"Wabeja, mwanangu," akasema. Asante. Halafu akaomba manyoya yake ya mbuni ya kichwani.

Kundi la upande wa pili lilikuja na mwanamke wa mbao, amechongwa vizuri, mrefu kuliko mtu, mwenye kamba ndani inayotingisha mabega yake kwa mdundo. Watu walimpenda. Nami nilimpenda. Saa tisa na nusu upande wetu ulikuwa na watoto wachache na walevi wawili, na kundi letu lilikuwa halijaanza, kwa sababu manju hajaingia, na yule waliyemwandaa badala yake alikuwa amesimama pembeni tayari, amevaa.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigari, mwanzo wa uwanja, mgongo umeelekea upepo. Tulikuwa mimi na yeye. Nilikwenda mbele na tiara, nikaishika ncha mbili, nikageuka. Alikuwa mbali, mdogo, na manyoya yake kichwani yakipepea kuja kwangu.

"Acha!"

Nikaachia. Mifuko myekundu ikajaa kwanza. Myeusi ikasitasita, ikapepesuka, tiara ikaanza kulala kushoto, nikasema basi, imekwisha, na nikaona mkono wa kulia wa baba unarudi nyuma kiasi cha kiganja. Waridi zikafunguka. Ikapanda juu yangu kwa mshindo, na kigari kikapita ubavuni pangu kwa kasi nikalazimika kuruka.

Aliingia uwanjani wa kwanza, peke yake, bila kushikwa mkono na mtu. Alipita katikati ya wapigaji wetu akiimba ubeti wa kwanza, nao wakaupokea. Alipaswa kuishusha tiara pale. Tulikuwa tumekubaliana. Hakuishusha. Baadaye alidai mkono ulikwama, na mimi siamini mpaka leo. Alivuka uwanja wetu, akavuka upande wa pili mbele ya mwanamke wa mbao, akatokea mwisho wa uwanja na kuingia mbugani, akiimba.

Na watu wakamfuata. Wote. Watoto mbele, kisha vijana, kisha akina mama wameshika khanga, kisha wapigaji wetu na ngoma shingoni wakipiga huku wanakimbia, wa upande wa pili nao wakaacha kujizuia. Nilipogeuka nyuma nilimwona mwanamke wa mbao anatingisha mabega yake kwa mbuzi wanne, na aliyevuta kamba ametoa kichwa nje kuangalia kuna nini.

Tulimkuta mbali, pale udongo mweusi unapopasuka nyufa. Tairi la mbele lilikuwa limeingia kwenye ufa na kupinda, tiara imelala. Baba alikuwa ameketi vile vile, vumbi mpaka kwenye kope. Watu wakamzunguka wakimsubiri, hata yule aliyeandaliwa badala yake. Baba akaanza ubeti wa pili, kisha wa tatu, akaendelea mpaka jioni. Waliitikia wote, wa kundi letu na wasio wetu, na jua likazama hapo hapo. Wazee waamuzi walifika wamechoka, wakaanza kubishana kama watu walioko mbugani wahesabiwe wako uwanjani. Hawakuafikiana. Ubishi huo ungali upo Kishapu.

Wimbo ulipokwisha, upepo ulikuwa umelala. Uwanja ulionekana mbali, na kigari hakiendi tena. Kila mtu wa kundi alilijua neno la baba, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Mpiga ngoma mkuu alichuchumaa mbele yake.

"Manju. Turudi vipi?"

Nilizitoa kandambili kwenye begi langu, maana nilizitia humo alipoketi kwenye kigari. Baba akaziona. Akawatazama watu wale, wengi kiasi hicho, wamemjia kwa miguu yao. Kisha akainua mikono yote miwili juu, wazi, kama mtoto anayetaka kuchukuliwa.

"Haya," akasema. "Nibebeni."

Wakambeba begani, na akashika wimbo tena kabla hajakaa vizuri. Nilikunja tiara, nikatia kandambili begini, nikawafuata nyuma. Njia nzima sikugeuza uso.